Usiung'oe Kwanza Mkonge wa Babu Yako

Mwanangu Rehema,

Salaam nyingi. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na bibi yako na wote hapo nyumbani Muheza. Huku Pasadena, California, mimi sijambo, ni mgongo tu unaonisumbua asubuhi, lakini kazini naenda.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali nikashindwa kulijibu kwa haraka. Ulisema, "Baba, kweli watu wazima wanafunga safari, wanalipa kiingilio, wanakaa kutwa nzima kuangalia miba?" Kabla sijafungua mdomo ukaongeza kwamba baba yako mdogo anataka kung'oa minyaa yote ya uani, na ile mikonge ya kule pembeni, ajenge ukuta wa matofali. Ukaniaga, simu ikakatika. Nimelala na maneno hayo siku tatu.

Ndiyo, mwanangu, wanakaa kutwa. Na mimi ni mmoja wao, mwaka wa sita huu.

Nilianza kwa sababu ya kazi. Yule mama mzee ninayemhudumia ana vyungu zaidi ya 100 barazani kwake, vya madungusi kakati, mishubiri na mimea mingine minene ambayo huku huitwa sakulenti, yaani mimea inayoweka akiba ya maji mwilini, ama kwenye jani, ama kwenye shina, ama kwenye mzizi. Macho yake yalipopungua nguvu hakuweza tena kuendesha gari, akaniomba nimpeleke kwenye kongamano la kila mwaka la mimea hiyo pale Huntington. Nilidhani nitamshusha mlangoni nirudi saa kumi kumchukua. Akaniambia, "Umenilipisha mafuta, basi ingia ule na chakula." Nikaingia.

Huntington iko San Marino, jirani kabisa na hapa. Ni maktaba, jumba la sanaa na bustani ya mimea vikiwa mahali pamoja, mali iliyoachwa na Henry Huntington, tajiri wa reli. Sehemu ya mimea ya jangwani ilianzishwa mwaka 1907 na msimamizi wake wa bustani, Mjerumani William Hertrich. Inasimuliwa kwamba tajiri mwenyewe hakuwa na hamu na dungusi, kwa kuwa siku za kujenga reli aliwahi kuchomwa vibaya na mpungate. Hertrich akambembeleza mpaka akakubali. Leo sehemu hiyo peke yake ina ukubwa wa kama hekta 4 na aina zaidi ya 2,000. Kuna madungusi ya duara, miba yake ya dhahabu, yamekaa mlimani kama kundi la kondoo waliolala, na mengine yalipandwa kabla babu yako hajazaliwa.

Kongamano hufanyika mwishoni mwa kiangazi, Jumamosi. Asubuhi watu wanajaa kwenye meza za mauzo hata kabla jua halijakolea. Wengi ni wazee, lakini vijana nao wapo, na kuna watoto wanaoshikwa mkono na babu zao. Kisha mnaingia ukumbini, taa zinazimwa, na wasemaji kutoka nchi mbalimbali wanaonyesha picha za safari zao: Mexico, Madagaska, Afrika Kusini, Yemeni. Mtu anasimulia namna alivyotembea siku mbili kufika kwenye jabali moja ambako mmea fulani unaota, hapo tu na si pengine duniani. Picha ya mmea ule ikitokea, ukumbi mzima unashusha pumzi kwa pamoja. Wallahi sijawahi kusikia sauti ile isipokuwa uwanjani, mpira ukigonga mwamba.

Mwaka ule wa kwanza msemaji mmoja alileta picha za Afrika Mashariki. Mara naona kilima chenye mawe mekundu, mbuzi wawili, na mtoto aliyevaa sweta la shule lililochanika kiwiko. Nyuma ya mtoto kuna mshubiri umetoa maua. Msemaji akaeleza mshubiri kwa dakika kumi, majani yake, madoa yake, jinsi utomvu wake unavyokauka. Mimi nilikuwa namtazama mtoto. Nilijua sweta lile, nilijua vumbi lile. Machozi yalinitoka gizani, na mama mzee akanishika mkono bila kusema kitu.

Tangu siku hiyo nikawa najifunza. Nilinunua mmea wangu wa kwanza na nikauua, maana niliumwagilia kila siku kama mchicha. Shina likalainika, likatoa harufu. Mwaka uliofuata nilimweleza mzee mmoja aliyekuwa akiuza miche, mikono yake imejaa makovu ya miba. Hakunicheka. Alichukua mmea mwingine mezani, akautoa kwenye chungu, akakung'uta udongo wote mpaka mizizi ikaonekana, akanionyesha mzizi uliooza ulivyo mweusi na ule mzima ulivyo mweupe. Akakata palipooza kwa kisu safi. "Sasa usiupande," akasema. "Uweke kivulini wiki nzima, kidonda kifunge gamba kwanza. Ukiupanda na kidonda kibichi, unaupandia ugonjwa." Baadaye utautia kwenye changarawe nyepesi za volkano, udongo kidogo tu, na maji baada ya siku kadhaa. Nimefanya hivyo mara nyingi sasa, na mingi imepona.

Yeye ndiye aliyenieleza pia kwamba mingi ya mimea hii hupumua usiku. Mchana inafunga vinyweleo vyake ili jua lisiinyang'anye maji, usiku inavifungua na kuvuta hewa, inaihifadhi kama asidi hadi kuche. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, huko India, Benjamin Heyne alitafuna jani la mmea wa namna hii asubuhi akaliona chachu, akalitafuna tena jioni akaona uchachu umekwisha. Basi elimu kubwa ikaanzia kwenye ulimi wa mtu mmoja mdadisi.

Lakini nisikuzungushe. Kilichonifanya nichukue kalamu ni lebo.

Kwenye mauzo ya Huntington kuna meza ambayo watu huikimbilia kuliko zote. Ina vyungu vidogo, vingine kama kikombe cha kahawa, vya mpango uitwao International Succulent Introductions. Mpango huo ulianza mwaka 1958 na tangu 1989 unaendeshwa na Huntington. Kazi yake ni kuzalisha mimea adimu kwa mbegu na vipandikizi na kuisambaza kwa wapenzi wa mimea, ili mtu asiwe na sababu ya kwenda kuing'oa porini. Kila chungu kina kibao, na kila kibao kina namba. Ukiifuata namba ile kwenye daftari lao, unakuta mmea ulitoka wapi: nchi, wilaya, kilima, mwinuko, nani aliuchukua na mwaka gani.

Nikamwuliza yule mzee mwenye makovu tofauti ya vyungu viwili. Mmea uleule, ukubwa uleule. Kimoja kina namba, kingine hakina, na ule wenye namba watu wanaugombea. Akanijibu kwamba yote miwili ni mizuri, ila huu una kwao. Ule mwingine umepoteza kwao, na mmea ukishapoteza kwao hakuna anayeweza kuurudishia.

Rehema, nilikwenda kukaa kwenye benchi.

Unajua babu yako alikuja Tanga kama manamba. Unajua neno hilo limetokana na nini? Na namba. Walichukuliwa kusini kwa malori na treni, wakaletwa mashambani, wakapewa kipande, yaani kadi ya kazi, na namba, na asubuhi mnyapara aliwaita kwa namba. Kazi ilikuwa kukata majani ya mkonge, kuyafunga matita, kuyapeleka yakasagwe kwenye mashine ya korona mpaka zibaki singa nyeupe. Mwenye namba alihesabiwa matita yake, basi. Hakuna aliyeandika kilima chake, mto wake, wala mama yake. Jina lenyewe liliandikwa vibaya kwenye kipande, na babu yako akaishi na jina lile bovu mpaka kufa. Alipofariki tulitaka kupeleka habari kwao. Tulijua "Songea". Songea ni kubwa, mwanangu. Tukazika bila mtu wa kwao hata mmoja, nami nilikuwa na miaka 19 na sikujua nimwulize nani.

Huku mmea ukipewa namba, ni ili kwao kusisahaulike. Babu yako alipewa namba, kwao kukasahaulika. Sijapata amani na jambo hilo, na sitaki kujifanya nimepata.

Halafu kuna mkonge wenyewe. Nao si wa Tanga. Kwao ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanganyika ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yote yale uliyokuwa ukiyaona dirishani ukienda Korogwe kwa basi, kabla chotara ya kituo cha utafiti cha Mlingano haijaanza kupandwa. Mkonge hutoa mlingoti mara moja tu maishani, ukishachanua unakufa, lakini pembeni umeacha machipukizi, na kwenye mlingoti vinaning'inia vichanga tayari kwa kupandwa. Kwa hiyo ile ya pembeni ya uwa si ileile aliyoipanda babu yako kwa mkono. Ni wajukuu wake. Aliokota mche mmoja shambani siku alipoacha kazi, akauleta nyumbani ndani ya kapu la bibi. Hilo nililiona kwa macho yangu, nilikuwa darasa la tatu.

Simzuii baba yako mdogo kujenga. Ukuta ni usalama, na minyaa imewahi kupitisha wezi. Naomba tu mnifanyie haya kabla ya kung'oa.

Mkikata minyaa, fungeni macho kwa miwani, na watoto wakae mbali. Maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kupofusha. Huku wanaiuza kwenye vyungu vya mapambo, ile yenye ncha za rangi ya moto, na kila muuzaji anarudia onyo hilo. Acheni angalau shina moja kwenye kona ya choo.

Kwenye mkonge, chagua chipukizi linalofika gotini, si kubwa zaidi. Lichimbe na mzizi wake, uliache kivulini siku nne au tano, ndipo ulipande upande wa juu wa kiwanja ambako maji ya mvua hayatuami. Usilimwagilie wiki ya kwanza.

Usijaribu kunitumia kipande chochote kwa bahasha, hata kama binamu yako anasafiri. Mmea hai hauvuki mpaka hivihivi, unahitaji cheti cha afya ya mimea, na mishubiri na minyaa iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini. Hapa California kwenyewe watu walikuwa wanang'oa mmea mdogo wa majabali ya pwani uitwao Dudleya na kuusafirisha kwa maelfu kwenda kuuzwa Asia, mpaka mwaka 2021 ikabidi itungwe sheria ya kuulinda. Kwenye kongamano wanalizungumza jambo hilo kwa uchungu, kama watu walioibiwa nyumbani.

Na la mwisho ndilo kubwa. Tafuta kipande cha bati, ukikate kama kiganja. Usiandike kwa wino, jua litaufuta kabla ya masika mawili. Andika kwa ncha ya msumari. Juu andika jina la babu yako, lile la kweli alilopewa na mama yake, si la kwenye kipande. Bibi analijua. Chini yake andika kijiji. Mimi sikijui, lakini nakumbuka bibi yako akisema zamani kwamba babu alipokuwa na homa alikuwa anautaja mto fulani na mwembe uliokuwa kivukoni. Usimwulize mbele za watu, atanyamaza. Msubiri jioni akiwa anachambua mchele, ukae naye uchambue, umwanzie kwa mto.

Akikumbuka jina la mto tu, andika hilo. Akikumbuka kabila la ukoo, mtani wake, jirani waliyekuja naye kwenye lori moja, andika kwenye daftari lako lenye tarehe. Mahali palipokosekana jibu acha wazi, usibuni.

Nitapiga Jumapili, saa mbili usiku ya huko. Daftari liwe karibu, unisomee.

Wako akupendaye,
Baba