Swift Current si mji wa kubezwa

Mhariri,

Wanaodai timu ya mji mdogo haidumu waitazame Swift Current Broncos, timu ya Swift Current, mji wa watu wasiofika 20,000 katika jimbo la Saskatchewan, Kanada. Timu hii ya vijana ya magongo ya barafuni ilianza 1967, ikahamia Lethbridge 1974, ikarudi nyumbani 1986. Desemba 30 mwaka huohuo basi lao liliacha njia kwenye barabara yenye utelezi, wakafa wachezaji wanne. Namba zao, 8, 9, 11 na 22, zikashonwa kwenye jezi, kila moja katika jani lake la klova, mmea mdogo wa malisho. Mei 1989 wakatwaa Kombe la Memorial, kombe la ubingwa wa timu za vijana, mjini Saskatoon, tena kwa kuwafunga wenyeji 4-3 katika muda wa nyongeza! Klabu ngapi tajiri zingeinuka hivyo?

Mpenzi wa michezo