Tabo mnaweka, breki je? Angalieni joto kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mi naishi Iringa na kazi yangu ni ya barabarani, kwahiyo mlima Kitonga naupita kila mara, kupanda na kushuka, na kuna kitu nakiona pale kinaniuma sana, nataka vijana wenye magari ya kuongezwa nguvu wakisome hapa maana wengi ni wadogo zetu, wana hela zao za halali wanaziweka kwenye gari, ila wanaanzia pasipotakiwa.

Zamani chini ya Kitonga gari za kutoa moshi kwenye tairi zilikuwa malori. Siku hizi unakuta na Subaru za tabo (kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi ipate nguvu), Mark X, Altezza, zimeshushwa, rimu kubwa, eksozi unaisikia kabla gari hujaiona, imepaki pembeni na harufu ya breki iliyoungua inakufikia ukiwa bado ndani ya gari yako. Kuna kijana mmoja nilimkuta pale, Forester yake imeongezwa nguvu Dar, ameshuka na wenzake wanne na mizigo juu, diski za mbele zimeshakuwa rangi ya bluu na jamaa wa pale pembeni washaleta maji kwenye dumu wamwagie. Nikamwambia mdogo wangu usimwagie, chuma kikiwa na moto hivyo ukikipiga maji ya baridi kinapinda au kinapasuka, iache ipoe yenyewe. Akaniuliza, bro mbona mlimani breki zilikuwa zinashika, nimesimama kidogo tu nakanyaga pedeli inaenda mpaka chini?

Hilo swali ndio limenifanya niandike, kwasababu jibu lake hata mafundi wengi hawamwambii mteja. Gari ikiwa inatembea upepo unapooza diski. Ukisimama upepo hamna, joto la diski na pedi linahamia kwenye kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski kwa pistoni, na mafuta ya breki yaliyo ndani ya kalipa yanachemka, yanatoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabonyezeki, mvuke unabonyezeka, kwahiyo mguu wako unabonyeza mapovu na kwenye pistoni hakifiki kitu. Angeondoka muda ule ule, kwenye kona ya kwanza tungekuwa tunaongea mengine.

Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, basi. Na hapa ndio watu wanapigwa hesabu, wanadhani ukitoka spidi 100 kwenda 140 breki inaongezewa kazi kidogo tu, hapana, inakuwa karibu mara mbili, na ukitoka 80 kwenda 160 ni mara nne kamili, kwasababu nguvu ya mwendo inapanda kwa mraba wa spidi. Gari ya tabo inafika hiyo 140 fasta kila ukitoka kwenye kona, kwahiyo unakanyaga tena breki wakati lile joto la mwanzo bado halijatoka. Ndio maana mi nasema swali la lini ubadilishe breki halijibiwi na hosipawa wala na mshkaji wako kafunga nini, linajibiwa na joto, kwamba breki ulizonazo zinalimudu joto la uendeshaji wako na njia unazopita au zimeshindwa. Mtu ana hosipawa 250 anazunguka nayo Mwenge na Posta kwenye foleni, breki za kiwandani zikiwa nzima zinamtosha kabisa. Mwingine injini hajaigusa ila kila wiki anashuka Kitonga gari imejaa, huyo anahitaji pedi nzuri kabla ya yule wa kwanza.

Na gari yenyewe inakuonyesha shida iko wapi, ukiijua. Pedeli ikiwa ngumu vizuri tu chini ya mguu lakini gari haisimami, hapo pedi imezidiwa na joto. Pedeli ikilegea na kuzama, mafuta yamechemka. Hivi vitu viwili watu wanavichanganya kila siku, anabadilishiwa pedi wakati mafuta ndio mabovu, anarudi mlimani anakuta yale yale.

Cha tatu ni ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Tafuta sehemu salama, lami kavu, hamna gari nyuma, ukanyage breki kwa nguvu mara moja. Kama ABS inaanza kugonga mguuni maana yake breki zako tayari zina nguvu kuliko mshiko wa tairi, na hapo hata ufunge kalipa kubwa kiasi gani, kwa breki ya mara moja gari haitasimama mapema zaidi. Hela yako ipeleke kwenye tairi! Kalipa kubwa na diski kubwa faida yake kubwa ni kubeba joto, ile breki ya kumi iwe sawa na ya kwanza.

Kwahiyo anza na mafuta, ndio rahisi kuliko vyote, na daraja lake linaandikwa DOT kwenye chupa. DOT 3 ikiwa mpya kiwango chake ni isichemke chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230, ikinyonya maji 155, na DOT 5.1 ni 260 na 180. Na mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani hata ukae bila kuendesha, kwahiyo kila miaka miwili mwaga yote, weka mapya, toa upepo kwenye breki za tairi zote nne. Ila DOT 5 hiyo ni silikoni, usije ukachanganya na hizo zingine. Alafu pedi, ukiangalia maandishi ya pembeni nyingi zina herufi mbili, ya kwanza ni mshiko ikiwa ya kawaida na ya pili ni mshiko ikiwa ya moto, E iko chini ya F na F iko chini ya G. Pedi ya EE kwenye gari ya tabo siikubali hata kidogo. Na pedi za mashindano nazo achana nazo kwa gari ya mjini, asubuhi ikiwa ya baridi haishiki mpaka ipate moto, na huku kwetu Iringa baridi ya mwezi wa saba mnaijua.

Ukifanya hayo yote na bado inazidiwa, sasa ndio wakati wa kalipa na diski. Kwa Subaru watu wanatoa diski ya mbele ya milimita 277 wanafunga ya 294 na kalipa ya pistoni nne, ni kazi nzuri, mi naiunga mkono, ila pima rimu kwanza kama itapita, na umuulize fundi kuhusu masta silinda, ile pampu ya pedeli inayosukuma mafuta ya breki, maana pistoni zikiwa kubwa pedeli inashuka zaidi, na ukiongeza mbele peke yake huku nyuma umeacha dramu chakavu, mbele inabeba kazi yote. Diski kuukuu za Japani zina unene wa chini kabisa unaoruhusiwa umeandikwa kwenye chuma chenyewe, nenda dukani na kipimo. Na zile kava nyekundu za plastiki za kufunika kalipa tafadhali zitoeni, zinazuia upepo palepale panapotakiwa kupoa.

Mhariri, ukurasa wenu wa magari nausoma kila unapotoka na habari za injini mnaziandika vizuri. Naomba mtuwekee na ya mafuta ya breki, muongee na mafundi wa Gerezani na wa huku mikoani kuhusu ile chupa iliyofunguliwa zamani ikakaa nusu kwenye shelfu, maana bado wanawamiminia watu na imeshanyonya maji. Mteja nae akatae, aombe chupa ifunguliwe mbele yake.

Mdau wa barabara,
Iringa