YAH: Springi mlizonitumia sizo nilizoagiza

Moshi,
14 Julai 2025

Meneja Mauzo,
Kitengo cha Vipuri Vidogo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tarehe 23 Juni niliagiza kwenu springi 10 na vikasha 8 vya ekseli (vile vinavyoshika ncha za ekseli) kwa ajili ya treni ndogo ya mfano ninayoijenga, nikalipa shilingi 118,000 pamoja na nauli ya basi. Mzigo niliupokea stendi ya Moshi siku tatu baadaye ukiwa umefungwa vizuri, na kwa hilo nawashukuru. Shida ni kilichokuwa ndani.

Kwenye oda niliandika: springi za waya wa milimita 0.6, mizunguko 6. Mlichotuma ni waya wa 0.8. Nimeupima kwa vernia, kile kipimo cha unene, mara tatu, springi moja baada ya nyingine, na zote ni hivyo hivyo. Hakuna aliyenipigia kuniuliza kama nitakubali badala yake.

Injini ninayoijenga ni mfano wa kundi la 31 la Reli za Afrika Mashariki, zile za mvuke zilizotengenezwa na Vulcan Foundry huko Uingereza miaka ya 1950: magurudumu mawili mbele, manane makubwa katikati, manne nyuma. Nimeipunguza mara 22.5, kwa hiyo nafasi ya mita moja kati ya reli mbili inakuwa karibu milimita 45. Reli yenyewe nimeitandaza uani juu ya kokoto, na kila masika ikipita lazima pawe na mahali pamedidimia. Chesisi isiyo na springi ikifika hapo hukalia magurudumu machache, mengine yananing'inia, na gurudumu lisilogusa reli halivuti kitu.

Kila kasha la ekseli hupanda na kushuka kwenye mkato wa fremu, springi ikiwa juu yake. Magurudumu makubwa manane yanabeba kilo 4, yaani nusu kilo kila moja. Kwa uzito huo springi niliyoagiza inabonyea karibu milimita 3 injini ikiwa imesimama tu. Hizo milimita 3 ndizo akiba yangu: gurudumu likikuta bonde, springi inajinyoosha na kulisukuma chini lifuate reli. Springi ambayo haikubonyea haina cha kujinyoosha.

Sikutaka kuwalaumu kwa kukisia. Nilisimamisha springi yenu ndani ya bomba fupi, nikaweka juu yake nusu kilo ya sukari niliyoipima kwenye mizani ya jikoni. Haikufika hata milimita 1. Bado nikasema nijaribu. Nikafunga zote nane, nikaiweka injini relini na kuisukuma kwa mkono polepole. Kwenye kiungio kilicho karibu na karo, gurudumu la tatu la kushoto lilibaki hewani. Nilipitisha kipande cha gazeti chini yake, kikatokea upande wa pili bila kugusa popote.

Nilipopiga simu, kijana aliyepokea aliniambia, "Mzee, springi ni springi, tena hizo ngumu ndizo zinadumu." Alizungumza kwa adabu na sina ugomvi naye, ila naomba afundishwe. Tofauti ya 0.2 inaonekana ndogo, lakini ugumu wa springi hauendi sambamba na unene wa waya. Gawanya 0.8 kwa 0.6, kisha andika jibu hilo mara nne na uyazidishe yote pamoja: unapata 3.16. Mmeniletea springi ngumu zaidi ya mara 3. Ili zibonyee inavyotakiwa, ningelazimika kuyabebesha magurudumu hayo zaidi ya kilo 12, na mota niliyofunga haiwezi mzigo huo. Kukata mizunguko nako hakusaidii, maana springi ikipunguzwa mizunguko huzidi kuwa ngumu.

Vikasha sita ni vizuri kabisa, vinateleza kwenye fremu bila kucheza. Viwili vimetobolewa pembeni ya kati, kwa hiyo umbali kati ya ekseli haulingani na vyuma vinavyounganisha magurudumu, na kila mzunguko yanakwama mahali palepale.

Naomba mnitumie springi 10 za waya wa 0.6 na vikasha 2 vilivyotobolewa katikati, kwa gharama yenu, vinifikie kabla ya tarehe 31 Julai. Kama hamna, nirudishieni shilingi 118,000 nami nitawarudishia mzigo wote. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na maelezo yangu mnayo kwa maandishi. Tarehe hiyo ikipita kimya, nitapeleka nakala ya barua hii Tume ya Ushindani.

Springi zote 10 nimezitoa na kuzirudisha kwenye pakiti yake. Sijakata hata moja.

Wenu,
Mteja wa Moshi