Mjomba, niambie trela lako lilikuwaje

Mjomba, shikamoo.

Siku ya Idi Pili, pale barazani kwako Makorora, uliichukua ile kebini ndogo ya lori la Scania niliyoijenga, ukaizungusha mara mbili kiganjani, ukairudisha mezani na kusema, "Mpwa wangu, umri wote huu bado unacheza na vigari?" Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, maana mkubwa hajibiwi mbele za watu. Lakini niliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Kabla hujairudisha, ulipitisha kidole gumba chini ya bampa, upande wa kushoto, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha hapo zamani. Tangu siku ile najiuliza ulikuwa unatafuta nini.

Nakuandikia hadharani kwa sababu najua wapo vijana wengine, hapa Tanga na kwingineko, wenye wajomba na baba walioshika usukani miaka thelathini, na ombi nililo nalo kwako ndilo ambalo nao wangewaomba wazee wao.

Kwanza kazi yenyewe, maana siku ile hapakuwa na nafasi ya kuieleza. Magari ninayojenga ni madogo mara 24 kuliko ya kweli. Kipimo hiki kina asili yake kwenye futi na inchi: futi moja ya gari la kweli inakuwa nusu inchi mezani kwangu. Ndiyo maana sihitaji vifaa vya ajabu, futi kamba ya seremala inanitosha. Kontena la futi 40 linakuwa inchi 20. Upana wake wa futi 8 unakuwa inchi 4, na kimo chake cha futi 8 na nusu kinakuwa inchi 4 na robo. Tairi la lori la 315/80 la rimu 22.5, ambalo likisimamishwa wima linapita mita moja kwenda juu, kwangu lina milimita 45 kasoro kidogo.

Uzito ndio ulionishangaza zaidi nilipoupigia hesabu. Urefu ukipungua mara 24, na upana mara 24, na kimo mara 24, uzito unapungua mara 13,824. Gari la ekseli saba linaloruhusiwa kupita mzani na tani 56 lingekuwa na kilo nne tu mezani. Na robota la mkonge la kilo 250, lile ulilokuwa ukisema makuli walilipiga ndoano wakiimba, linakuwa gramu 18. Nilipopata hesabu hiyo nilipima kipande cha sabuni kwenye mzani wa duka mpaka nikapata gramu 18, nikakaa nacho mkononi. Sikupata tena usingizi mpaka nimetengeneza robota la kwanza.

Kebini uliyoishika ilianzia kwenye boksi la Italeri, kampuni ya Italia inayouza vigari vya kuunga mwenyewe. Rafiki yangu baharia ndiye aliyeniletea. Ndani ya boksi kulikuwa na Scania 143. Lako lilikuwa 111, lenye pua, yaani boneti lililochomoza mbele. Unajua kuliko mimi kwamba tarakimu mbili za mwanzo ni lita za injini na ya mwisho ni toleo, kwa hiyo hii ya kwangu ilikuja na lita 14 na imezaliwa nyuma ya lako kwa vizazi viwili. Haikunifaa jinsi ilivyo. Nikaikata chasi na kuiunga upya, kebini nikaifumua, na pua nikaichonga kwa mti wa mkonge, ule mlingoti unaochomoza mmea unapokaribia kufa. Ndani ni laini kama sponji, nje una ganda gumu, na kisu kikali kinaupita bila kuupasua. Nilivipata vipande vitatu njia ya Pongwe, nikavikausha darini wiki sita. Nimeona fahari, Mjomba, kuichonga pua ya gari lililobeba mkonge kwa mti wa mkonge wenyewe.

Vitu vingine vyote vimetoka hapahapa mjini. Bomba la plastiki la inchi nne nalipasua kwa urefu, nalizika kwenye mchanga wa moto hadi lilegee, kisha nalibana kati ya vibao viwili likapoe bapa. Kazi hiyo naifanyia nje, nikisimama upande unakotoka upepo, kwa sababu moshi wa plastiki si wa kuvuta. Kopo la soda nalo ni hazina. Ubavu wake una unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na ukizidisha mara 24 unapata milimita mbili na ushei, yaani bati lilelile la kupigia bodi. Linakunjika kama bati, linabonyea kama bati, na ukiligonga kona linapata kile kidonda ambacho kila lori la Segera linacho.

Na ndala. Unakumbuka sisi watoto tulivyokuwa tukikatakata ndala za Bibi kutengenezea magurudumu ya magari ya waya, tukachapwa? Juzi nilipima. Tairi lenye upana wa milimita 315 linakuwa milimita 13 kwa kipimo changu, na ndala ya kawaida ina unene wa milimita 13 hadi 15. Tulikuwa karibu sana na kipimo sahihi tukiwa na miaka minane, bila mtu kutufundisha. Sasa nalikata duara kwa kipande cha bomba la chuma nilichokinoa mdomo, kisha nachora kashata za tairi kwa waya wa moto. Trela lenye ekseli mbili, matairi pachapacha, linataka manane. Nimekwisha kata kumi na mawili, yaliyokwenda upande nikayatupa.

Kushindwa kumekuwepo pia, na sitaki kukuficha. Kioo cha mbele cha kebini ya kwanza nilikibandika kwa supa gluu, nikafunga milango, nikaenda kulala. Asubuhi kioo chote kilikuwa kimepata ukungu mweupe. Mvuke wa gluu ile ukikosa pa kutokea hukaa juu ya plastiki na kuganda. Nililazimika kung'oa na kuanza upya. Rangi nayo nilipuliza mwezi wa nne, masika yamekolea, na ule unyevu wa bahari ukaingia kwenye rangi kabla haijakauka. Rangi ya machungwa ikatoka kama imemwagiwa maziwa. Siku hizi katika masika sipulizi rangi kabisa. Nangoja siku jua limewaka tangu asubuhi na nguo zimekauka kambani kabla ya adhuhuri, hapo ndipo naitoa kopo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kichwa cha gari hakinipi shida. Kilichorwa Södertälje, Uswidi, kila boliti ina namba, na mtu mwenye subira atapata picha na vipimo vyake. Trela ndilo lililonikwamisha. Trela lako halikuchorwa popote. Lilichomelewa uani kwenye gereji moja ya Ngamiani, na fundi akipiga mstari kwa chaki sakafuni, tajiri akisema "ongeza futi mbili nyuma", na wewe, kama ulivyowahi kunisimulia, ukidai ndoano za kamba ziongezwe kwa sababu marobota ya juu yalikuwa yakisogea kwenye kona. Gereji ile haipo. Fundi amekwisha tangulia mbele ya haki. Trela lenyewe, nasikia, liliuzwa chuma chakavu.

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, mwaka uleule mkonge ulipoingizwa upande wa Pangani, na picha za vichwa vyake vya moshi zimehifadhiwa, watu huziangalia mpaka leo. Meli zilizotia nanga hapa zina majina na tarehe kwenye vitabu. Malori yaliyotoa marobota mashambani Korogwe na Muheza hadi bandarini yamebaki na nini? Nimetafuta kwenye albamu zote za familia. Nimepata picha moja tu: wewe umesimama mbele ya gari, suruali pana, mkono juu ya boneti, na nyuma yako trela limekatwa na ukingo wa picha. Ekseli ya mbele inaonekana nusu. Mpiga picha alikuona wewe, na alikuwa na haki, lakini mimi nimekaa usiku mwingi nikiutazama ule ukingo.

Najua lilikuwa puling, trela lenye ekseli zake mbele na nyuma, si semi, ambayo mbele yake hulalia mgongo wa kichwa. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nikiwa mtoto nilikuwa napenda kutazama ule mkono wa mbele wenye umbo la herufi A ukigeuza ekseli ya mbele kama mtu anayeshikwa mkono kuvushwa barabara. Nimeshautengeneza, na sahani ya kuzungukia ekseli hiyo nimeitia kwa vipande viwili vya kopo vilivyopakwa risasi ya penseli ili viteleze. Nilipoliunga trela tupu na kichwa na kujaribu kulirudisha nyuma mezani, lilinishinda. Semi ina kiungo kimoja tu, lakini puling ina viwili, pale nyuma ya gari na pale kwenye sahani, na kila unachorekebisha kwenye kimoja kinakwenda kuvuruga kingine. Nimejaribu kama mara hamsini, kwa kidole, juu ya meza tambarare, bila mzigo. Nikakumbuka mama alivyosimulia kwamba ulikuwa ukiingia kinyumenyume hadi mlango wa ghala bandarini, usiku, kwa tochi ya utingo. Mama alisimulia kama mtu anayesema fulani alikuwa na shati zuri. Sasa nimeelewa alikuwa akisimulia ufundi mkubwa. Nimechelewa kukupa heshima yake, Mjomba, nipokee hivyohivyo.

Mzigo nimeuanza. Nilidhani mkonge halisi ndio utakaofaa kutengenezea marobota, nikakosea. Uzi mmoja wa mkonge ukiuweka kwenye gari dogo mara 24 unaonekana mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Ninachotumia ni zile nyuzi fupi laini zinazobaki baada ya mkonge kupigwa brashi. Nazikata tena kwa mkasi, nazikandamiza kwenye kikasha cha mbao pamoja na gluu nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, na robota linatoka na rangi yake ileile ya krimu. Gramu 18 sijafika, naishia 11. Nikizidi kukandamiza kikasha kinapasuka.

Basi nisaidie. Marobota yalipangwa mangapi kwa upana, na safu ngapi kwenda juu? Mbavu za trela zilikuwa za mbao au za bati, na zilifunguka upande mmoja au pande zote mbili? Tairi la akiba lilining'inia chini au lilisimama nyuma ya kebini? Ile sanduku ya utingo, iliyokuwa na sufuria na jiko la mkaa, ilikuwa upande gani? Mipira ya upepo kutoka kwenye gari kwenda kwenye trela siku hizi huwa mwekundu na wa njano; yako ilikuwa na rangi gani, au ilikuwa myeusi yote na mkaijua kwa kuishika? Gari lenyewe lilishuka melini likiwa zima, au liliunganishwa kwenye kiwanda cha TAMCO pale Kibaha? Na yale maandishi ya nyuma, juu ya taa: nakumbuka yalikuwa ya rangi nyekundu na nakumbuka herufi ya kwanza ilikuwa S. Mama anasema yaliandikwa "Subira". Shangazi anasema "Salama". Wamebishana mpaka chai imepoa.

Jibu moja likikuponyoka, liache. Sitajaza pengo kwa kubuni. Pale usipokumbuka nitapaacha na rangi ya kwanza ya kijivu, bila kupamaliza, ili atakayeliona trela ajue hapo hapakuwa na wa kumuuliza.

Ijumaa baada ya swala nitapita kwako na boflo na maziwa. Nitakuja na daftari, futi kamba na chaki, tukapige mstari sakafuni barazani kama fundi yule alivyofanya, urefu wa trela zima, futi kwa futi, nawe utembee juu yake uniambie "hapa palikuwa na ndoano, hapa palikuwa na ngazi". Nimekwisha mwomba Shangazi ruhusa ya kuchafua sakafu. Kebini nitaiweka mezani palepale ulipoirudisha. Ukipenda, kabla hatujaligusa trela, anzia kwenye bampa, upande wa kushoto.

Wako mpwa,
Ngamiani, Tanga