Binti wa kazi aliniambia neno moja, tangu hapo sijalala

Shikamoo mama mshauri. Naandika saa tisa usiku, nimekaa jikoni nisimwamshe mzee. Leo ni usiku wa tano silali. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana najua mambo haya ukiyasikia nusu utaniona mtu mbaya, na mimi si mtu mbaya.

Jumamosi binti yangu wa kazi aliondoka. Hakugomba wala hakutukana. Alisimama mlangoni na shangazi kaja lake, akaniaga vizuri tu, kisha akasema, "Mama, wewe unaomba sana. Lakini mimi huwa naogopa ukimaliza kuomba." Akashuka barazani akaenda zake stendi.

Naogopa ukimaliza kuomba! Mtoto wa miaka kumi na tisa ananiambia mimi hivyo.

Muulize yeyote hapa Kizota. Naamka saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu. Ibada ya kwanza sikosi, maombi ya akina mama sikosi, Kwaresima nafunga yote, wagonjwa natembelea. Huyu binti nilimtoa kwao upande wa Chamwino mwaka huu huu, baada ya mvua kukatika Februari mtama haujabeba, na wewe unajua kwetu mvua ni ya msimu mmoja, ikikatika imekatika. Alikuja na gauni moja. Nikamvisha, nikamwandikisha darasa la ubatizo. Alikula wanachokula wanangu, karibu kila kitu. Leo mimi ndiye wa kuogopwa?

Ni kweli, nikitoka chumbani kuomba ndipo naanza kusema. Chai haijachemka, ndoo hazijajaa na maji ni ya mgao, sare ya mtoto haijapigwa pasi. Mama gani asiyesema nyumbani kwake? Mbona mama yangu alisema zaidi ya hapo na hatukufa.

Lakini tangu Jumamosi kuna kitu kinanirudia. Alfajiri akifika mlango wangu alikuwa anavua kandambili anazishika mkononi, anapita peku. Nilikuwa nazisikia, pa, pa, pa, kisha kimya, kisha tena pa, pa kule uani. Mimi nilidhani ni heshima, hataki kunikatiza maombi. Nilimsifia mpaka kwa wenzangu, nikasema binti wangu ameshika adabu. Kumbe mwenzangu alikuwa anapita kama mtu anayepita penye mbwa.

Kama ni hasira angesema ananidai, ningeelewa. Maana ni kweli alikuwa na pesa yake kwangu, na hilo ni jambo dogo, sijui hata kama nilitaje. Tulipatana elfu hamsini kwa mwezi, nikamwambia nitamtunzia, hawa wasichana pesa ikikaa mkononi inaishia kwenye vocha na nywele. Mwenyewe alikubali. Mwezi wa kumi na moja ikaja harambee ya bati kanisani. Niliahidi laki tatu mbele ya watu, na karanga zangu sokoni zilikuwa zimelala. Nikachukua ile. Sikuiba. Nilichukua kwa kazi ya Mungu, nikijua nitairudisha alizeti ikipata bei. Jina langu likatajwa, watu wakapiga makofi, na yeye alikuwa benchi la nyuma na mwanangu mapajani, anapiga makofi.

Wiki mbili baadaye mama yake akaugua kule kijijini. Akaniomba ya kumpeleka hospitali. Nikamwambia avumilie wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikamwambia hivyo hivyo. Akasema sawa mama.

Jumapili nilipotoka ibadani nikaingia kutandua kitanda chake. Chini ya godoro nikakuta daftari la zamani la mwanangu. Kurasa za nyuma ameandika kwa penseli, mwandiko ule wa mtu aliyeishia njiani shuleni: "Mei 50,000 mama anatunza. Juni 50,000 mama anatunza." Mpaka Novemba, mistari saba. Hakuandika mama amekula. Ameandika anatunza. Nimelificha chini ya nguo zangu, mzee hajaliona.

Nilipomgusia, mzee alisema nimtumie laki na nusu kwa simu yaishe, nikate sabuni na vikombe alivyovunja. Mchana nakubaliana naye, maana vikombe ni kweli alivunja, na lile gauni la kitenge nilimshonea mimi. Usiku sikubaliani naye. Usiku nakumbuka Walawi 19:13, tuliukariri tangu watoto, "ujira wake aliyeajiriwa usikae kwako usiku kucha hata asubuhi." Wa kwake umekaa kwangu usiku karibu mia mbili, na kila alfajiri nimepiga magoti juu yake.

Halafu kuna bibi yangu mzaa mama. Yeye aliokoka katika ule uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 ukafika mpaka huku Ugogoni. Unajua wazee wale hawakuridhika na mtu kusema ameokoka, walimwuliza, umetengeneza? Yaani, umeyanyoosha uliyomkosea mwenzako? Bibi aliondoka jogoo la kwanza kwa miguu kurudisha jembe alilokaa nalo tangu miaka ya njaa. Akalilaza mbele ya mwenyewe na watoto wake, akasema hili niliiba. Hadithi hiyo nimeisimulia kanisani sijui mara ngapi, na watu hulia.

Sasa Jumapili hii ni zamu yangu kutoa ushuhuda mbele ya akina mama, juu ya kukua katika imani. Nimeokoka miaka ishirini na mbili, mama mshauri. Nilikuwa nakua, au nilikuwa nazoea tu?

Nikisema naumwa nisisimame, nitakuwa nimedanganya. Nikisimama nikayasema haya yote, mchungaji ataaibika na zile bati ziko juu ya vichwa vyetu. Nikisimama nikasema yale mengine, nadhani sitaweza kumaliza. Na kumtumia yote laki tatu na nusu kwa simu, je, inatosha? Au mpaka niende mwenyewe kijijini kwao, nikae kwenye kigoda cha mama yake mgonjwa, niseme kama bibi alivyosema? Hapo ndipo nakwama. Pesa nitapata, hata kwa kuuza karanga kwa hasara.

Simtaki arudi, nakuambia ukweli, siwezi tena kusikia mtu anapita peku mlangoni kwangu. Lakini jana jioni geti liligonga nikakimbia, nikadhani ni yeye.

Alivyoniaga aliniangalia usoni, hakuwa na kiburi. Laiti angekuwa na kiburi.

Namba yake ninayo. Nimeibonyeza mara tatu usiku huu nikakata kabla haijaita. Naogopa atapokea mama yake.

Nijibu kabla ya Jumapili kama unaweza.

Mama wa Kizota, Dodoma