YAH: KAMERA INAYOKATA WAIFAI KILA USIKU, NA MLIVYONICHEKA KAUNTANI

Meneja,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa heshima na naomba uione mapema hiyo heshima, maana sina uhakika kama itafika mwisho wa barua.

Siku niliyonunua sitaielezea, risiti mnayo na waranti yenu mnaijua kuliko mimi. Naanza na Jumamosi. Nimetoka Moshono na bodaboda, kamera nimeifunga kwenye khanga ndani ya kikapu isije ikakwaruzika, nikapanga foleni kama watu wengine, nikafika kaunta nikamwambia kijana wenu kwa upole kabisa, mwanangu hii kamera usiku inakata waifai, mchana iko sawa. Hajaniangalia. Akaichukua, akabonyeza bonyeza simu ya duka, akaichomeka hapo hapo, ruta yenu iko juu ya kichwa chake ukinyoosha mkono unaigusa, akaiunganisha na ile tivii kubwa ya ukutani alafu akanigeuzia usoni. Nikajiona mzima mzima ukutani, kilemba kimekaa upande, jasho linanitiririka. Akasema kwa sauti duka zima lisikie, "Si unajiona mama? Kamera nzima hii, labda mbovu ni mtumiaji." Watu wakacheka. Nikamwambia mwanangu nimesema usiku. Akasema, "Kamera haijui usiku wala mchana."

Kamera inajua usiku jamani! Si ndio kazi yake. Giza likiingia inawasha zile taa zake ndogo nyekundu za kuonea gizani, na zikiwaka inakula umeme zaidi. Hilo nimelijua mimi mama wa kuku, nyie mnaouza hamlijui?

Sijalitoa kichwani. Mpwa wangu anasoma Chuo cha Ufundi hapa Arusha, alikuja wiki ile nilipoibiwa akaleta mita yake ya kupimia umeme, tukapima pamoja mwisho wa ule waya aliouvuta fundi wenu kutoka jikoni mpaka banda la kuku, mita kumi na kitu, wembamba kama uzi wa kushonea. Adapta inasema volti 5. Mchana kule bandani zinafika 4.6. Usiku taa zikiwaka zinashuka mpaka 4.1 na kamera inazima na kujiwasha, inazima na kujiwasha, kila ikiamka inaitafuta waifai upya na waifai yenyewe pale bandani ni kamstari kamoja. Tukaileta sebuleni na waya mfupi, usiku tatu haikukata hata mara moja. Tukairudisha bandani na waya wenu, saa moja na nusu tu imeshapotea. Sasa hapo mbovu ni mtumiaji?

Na huyo fundi wenu, nilimwambia siku ile ile, baba hapo mbali, kuna kuta tatu za tofali na bati la banda limeshuka mpaka kwenye kamera, waifai itapita wapi. Akanijibu itapita tu. Hakupima hata na simu. Tena ruta yangu ni ile inayotoa waifai mbili kwa jina moja, ya gigahezi 2.4 na ya 5, na kamera yenu inashika 2.4 peke yake, imeandikwa kwenye boksi lenu wenyewe, alitakiwa azitenganishe majina au angalau aniambie. Alikaa dakika 20. Akanywa soda yangu, akachukua 40,000 ya ufundi, akaondoka. Umeme ukikatika ukarudi ndio usiseme, inakaa inapepesa nyekundu mpaka niende kuichomoa na kuichomeka mimi mwenyewe na tochi, sasa nimenunua kamera nilale au nimenunua kamera niilinde?

Pampu yangu iliibiwa usiku wa Alhamisi. Nafungua simu asubuhi naona picha ya mwisho ni saa nane na dakika kumi, jogoo wangu amesimama juu ya ndoo, baada ya hapo hakuna kitu mpaka saa kumi na mbili na nusu, na picha inayofuata ni ile ile ndoo imelala, na bomba limekatwa. Pampu ya 280,000. Polisi wananiuliza mama una kamera, nikaona aibu kusema ninayo.

Ijumaa nikawapigia mara tano. Mara ya kwanza mkasema fundi yuko Usa River. Mara ya tatu yuko njiani. Mara ya tano simu ikapokelewa ikawekwa mezani, nasikia mnaongea habari za mpira.

Kwa hiyo Jumamosi nikaja mwenyewe, na hapa naomba nirudie maana usiku nikilala naiona ile tivii. Mpwa wangu alikuwa ameniandikia vile vipimo vyote kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri, nikampa kijana wenu. Aliipokea, hakuisoma hata mstari mmoja, akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Karatasi yangu imekuwa kisahani! Alafu ndio akanigeuzia kamera. Na nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo mzee wa jumuiya yetu, mtu ninayesali naye, ananiona ukutani na kilemba upande naambiwa mbovu ni mtumiaji, akaangalia chini. Yeye hakucheka, ila nilitamani angecheka tu kuliko vile. Uso wangu mkauacha pale kwenye tivii, nimeshika kikapu, nasubiri mtu aniambie pole, kijana akasema "Anayefuata!" huku mimi bado naonekana ukutani. Nina miaka 58. Nimelea watoto wanne na hakuna aliyewahi kuniongelesha vile.

Na hamjui kilichofuata. Nimefika nyumbani kamera haishiki waifai kabisa, hata sebuleni. Kumbe kijana wenu pale kaunta aliihamishia kwenye waifai ya duka, na mimi siwezi kuirudisha kwa sababu akaunti ya kamera iko kwenye simu yenu, fundi aliifungulia kwenye simu ya duka, mimi nikapewa kuangalia tu kama mgeni nyumbani kwangu. Nikawauliza kwa meseji mnasema nilete tena dukani. Yaani nipande boda tena nije nikae tena kwenye tivii?

Tena hapo mpwa wangu ndio kanishtua. Kama akaunti ni yenu basi miezi yote hii mtu yeyote mwenye ile simu anaangalia uani kwangu, naanika nguo, wajukuu wanaoga kwenye beseni. Nani anaangalia? Mnaichaji wapi hiyo simu, inalala na nani? Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake ipo, msidhani sisi wa Moshono hatusikii habari.

Nilipokaa kuandika nilikuwa nataka kitu kimoja tu, fundi aje avute waya mnene au wa LAN, ule wa intaneti, mpaka bandani, atenganishe waifai, na akaunti aihamishie kwenye simu yangu mbele ya macho yangu. Basi. Lakini kadri ninavyoandika naona nawahurumia bila sababu. Nataka na kamera mpya, hii imeshazimika na kuwaka mara ngapi siiamini tena. Na 40,000 ya ufundi irudi maana ufundi haukufanyika. Na nauli, mara nne kwenda na kurudi ni 16,000. Na yule kijana aniombe radhi, si kwenye simu, pale pale kaunta na watu wakiwepo kama walivyokuwepo.

Au nirudishieni hela yangu yote, 145,000 ya kamera na hizo nyingine, tuachane.

Nawapa mpaka Jumatano saa nne asubuhi. Ikipita naandika kwa Tume ya Ushindani, FCC, ndio kazi yao kumlinda mlaji, na hiyo ya taarifa binafsi nao wanapata nakala, na ile pampu naiongeza kwenye hesabu. Na siku hiyo hiyo nakuja dukani na kigoda changu nakaa pale mlangoni, kila anayeingia kuulizia kamera namwonesha picha ya jogoo na ya ndoo imelala. Sipigi kelele. Naonesha tu. Nina muda, kuku wangu wanajilisha.

Wenu mteja,
mwenye risiti, Moshono.

NB: Fundi akija asije mchana. Aje saa moja jioni giza likishaingia, akae bandani na mimi mpaka hizo taa ziwake, na mita aje nayo yake. Soda safari hii hakuna.