Barua ya Kufunga Muhula: Haraka Katika Kazi za Nyumbani

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Skuli ya Msingi,
Wete, Pemba.

Kwa wazazi na walezi wote,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamdulillahi, tunafunga muhula salama. Mtoto wako amekuja na ripoti yake pamoja na barua hii. Ripoti isainiwe na irudi skuli siku ya kufungua. Mambo ya sare na usafi tulishayamaliza kikaoni, siyarudii. Leo nina jambo moja tu, nalo ni haraka ya watoto wetu katika kazi za nyumbani.

Kabla ya kufunga nilikaa na walimu wa darasa la tatu na la nne tukapitia madaftari. Mtoto mmoja alipewa 402 kutoa 178, akaandika 376. Kila safu alichukua namba ndogo akaitoa kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Nilimwita ubaoni nikamwambia afanye tena huku akisema kwa sauti. "Mbili kutoa nane haitoshi, nakopa." Akatazama jirani, akakuta sifuri, akanyamaza kidogo, kisha akaenda kukopa kwenye nne. Akapata 224, na hakusaidiwa na mtu. Kumbe anajua! Nyumbani hakujipa nafasi ya kunyamaza pale kwenye sifuri.

Madaftari ya namna hii ni mengi. Swali linataka sababu mbili, mtoto anatoa moja. Ubaoni ilikuwa 63, kwenye daftari imekuwa 36. Ukiona alama za ripoti tu utadhani mtoto hana akili, na hilo linaniuma kwa sababu si kweli.

Wazazi wenzangu, tutazame na ndimi zetu. Mtoto akirudi kutoka chuoni, yaani madrasa ya Kurani, magharibi imekaribia, sote tunamuuliza: "Umeshamaliza?" Akijibu ndiyo, tunamsifu. Anajifunza kwamba sifa iko kwenye kumaliza. Naomba swali hilo tulibadilishe. Tumwambie, "Hebu nionyeshe ulivyofanya," kisha tumsikilize.

Wala huhitaji kuwa umesoma sana. Bibi asiyejua hesabu za siku hizi anaweza kumwambia mjukuu amsomee swali kwa sauti, kidole kikifuata maneno, halafu amuulize: "Wanataka nini hapo?" Mtoto asiyeweza kujibu hilo hajawa tayari kushika kalamu. Na kwa hesabu za kutoa kuna njia ya kujihakiki ambayo watoto wote wa darasa la nne wamefundishwa: jibu lijumlishwe na ile namba iliyotolewa. 224 na 178 zinarudi 402. Ukijumlisha 376 na 178 unapata 554, na hapo mtoto ataona mwenyewe kwamba hesabu imekataa.

Ukiona kosa, usimwonyeshe lilipo. Mwambie, "Katika ukurasa huu kuna pahala pamoja hapajakaa sawa, patafute." Akipapata mwenyewe, kesho atapaangalia kabla hujasema. Tafadhali usimwandikie wewe, wala usimchanie ukurasa aandike upya wote. Na fimbo iwekwe mbali kabisa na daftari. Mtoto mwenye hofu ndiye anayekimbiza kalamu kuliko wote, kwani anachotaka ni kuondoka hapo alipokaa.

Tuangalie na saa. Mtoto ametoka skuli, amekwenda chuoni, amechota maji, kisha anafungua daftari baada ya isha macho yakimfunga. Hapo utulivu utatoka wapi? Dakika 20 baada ya chakula cha mchana, televisheni imezimwa na simu iko mbali, zinamfaa kuliko saa nzima ya usiku.

Wapo pia wanaokimbia kwa sababu hawajui kabisa, wanajaza majibu ili wasiulizwe. Dalili yake ni kwamba ukimpunguza mwendo anakasirika au analia, na hata akirudia polepole jibu halibadiliki. Huyo usimlazimishe. Andika mstari mmoja chini ya kazi: "Hapa hajafahamu." Mwalimu atajua la kufanya.

Likizo hii wengi watakuwa na nyinyi kwenye karafuu. Nani kati yetu humpokea mtoto pishi yake ya karafuu ikiwa makonyo, vile vijiti vya karafuu, yamebaki ndani, eti kwa kuwa amewahi kumaliza? Hurudishiwa, akachambua tena, na hakuna anayeona ameonewa. Daftari nalo lipate jicho hilohilo.

Kwa upande wetu, walimu wamekubali kwamba muhula ujao maswali ya nyumbani yatapungua. Palipokuwa na hesabu kumi zitakuja tano, ila kila moja lazima ionyeshe njia, na jibu tupu halitapata alama kamili hata likiwa sahihi. Msishangae basi mkiona kazi imekuwa fupi.

Kwa likizo hatukutoa kazi nyingi. Kila mtoto amepewa kifungu cha ufahamu na hesabu chache, zinatosha kufanywa kidogo kidogo. Kikao cha wazazi kitakuwa wiki ya kwanza baada ya kufungua. Njooni na madaftari hayo, hata kama yana makosa, tuyatazame pamoja na walimu wa madarasa.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu Mkuu